Kibonyo

Waliniletea maneno yakiwa yamechapwa tayari:
Hapo kale, kando ya ziwa hili, waliishi watu
waliofinyanga vyungu na kuyeyusha chuma.
Sentensi moja, na ukurasa mzima mweupe.
Chora, wakasema. Chora wawe hai,
watoto wa darasa la tatu hawapendi maiti.

Siku nne nilikaa na penseli.
Mfupa hauna pua. Kigae hakisemi
kama aliyekishika alikuwa na mwanya, au kovu, au haraka.
Siku ya tano nikashuka Kirumba, mwaloni,
alfajiri, magunia ya dagaa yakishuka,
nikaiba nyuso.

Nilimwiba Mbuke akipepeta,
jicho moja kalikunjia jua, la pili linamtafuta mdeni wake.
Nikamvua kitenge, nikamvika ngozi,
nikaondoa ndoo ya plastiki, nikampakata chungu.
Nilimwiba Lushinge, fundi wa kuchomelea pale Mabatini.
Miwani yake nyeusi niliifuta,
nikampa mivukuto miwili na tanuri la udongo.
Cheche sikuzigusa.
Cheche ni zilezile.

Mawe nayo sikuyavisha kitu.
Yalikuwa vilevile, yamebebana mlimani
kama walevi watokao harusini,
na hakuna aliyeanguka bado.

Ukurasa wa tisa, kuna joka.
Lilikunywa ziwa usiku kwa choyo,
asubuhi likaona aibu, likatapika,
na kila tapiko likawa kisiwa.
Mhariri akapiga simu kutoka Dar:
hii tuiite historia au ngano?
Nikamwambia, njoo usimame hapa ufukweni,
ziwa lenyewe halijaamua.

Kisha chungu.
Wachimbaji wanasema vile vya kale sana
vina kibonyo chini, katikati ya kitako.
Kwa nini, hawajui.
Nikakichora. Ukurasa ulibana, kikatoka kidogo.

Vitabu vikafika Igogo: kumi na kimoja,
kwa watoto sitini na wawili.
Vichwa vikarundikana juu ya karatasi
hata mwalimu asione kinachosomwa,
mpaka Holo wa Lushinge akapanda dawati:
Baba! Baba yangu huyu!
Kaa chini, Holo. Huyo aliishi
miaka elfu mbili iliyopita.
Holo akamtazama yule mtu wa tanuri,
akatazama mlangoni, akafikiri.
Kumbe ndiyo maana huwa anachelewa kurudi.

Habari haikai mwaloni, huoza upesi kuliko sangara.
Jioni hiyohiyo Mbuke alikuwa kibarazani kwangu,
kitabu kwapani, magamba mikononi.
Miaka elfu mbili, akasema,
na umeshindwa kunichorea hata kandambili?
Nikamweleza: enzi zile hazikuwepo.
Ulikuwepo wewe?
Sikuwepo.
Basi.

Nilimpa chai. Hakunywa. Alifungua kitabu taratibu,
kama mtu anayefungua barua ya kuogopa,
akajitazama muda mrefu, nyayo zake,
chungu kilichopinduliwa kikauke.
Akaweka dole gumba juu ya kibonyo.
Halikuenea. Lilifurika pande zote.
Akajaribu kidole cha mwisho,
kikaingia nusu.

Huyu aliyebonyeza, akasema, hakuwa mimi.
Huyu alikuwa mtoto.
Mama anageuza mgongo kuchochea moto,
udongo bado mbichi,
nani ataacha kuweka kidole?

Akasimama. Chai ilikuwa imeshika utando.
Wangu wa tatu, akasema, alikuwa hivyohivyo,
kila unga nilioukanda ulikuwa na shimo.
Hakusema yuko wapi sasa, sikumwuliza.

Wachimbaji hawajui. Mbuke hajui, wala mimi.
Lakini kwenye chapa ya pili
nimemweka mtoto ubavuni mwa chungu,
udongo hadi viwikoni, ulimi nje,
kama anayeandika jina lake kwa mara ya kwanza.

Kuhusu kandambili,
bado tunabishana.